Shangazi, Mbwa Wangu Hanisikii

Safu hii ilianzishwa kwa ajili ya ndoa, na wasomaji wangu wa zamani ni mashahidi. Mtu akiniandikia kwamba yule aliyemlisha, akamwogesha na kumlaza kitandani kwake siku hizi akiitwa haitiki, najua pa kuanzia. Barua ya kwanza ya mwezi huu ilikwenda hivyo hivyo mpaka mstari wa saba, mwandishi aliposema kwamba mhusika ana miezi mitano, ana mkia mrefu na amemuuma paka wa jirani. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaanza upya.

Haya. Tangu niolewe huku Minnesota na mtu wa bunduki, nimeshalea mbwa wanne wa kuwindia, kwa hiyo nitajibu. Wenye matatizo ya waume wanisubiri Novemba, isipokuwa yule dada wa Fargo ambaye hali yake haingojei.

*Jambo Tantine. Mimi niko Sioux Falls, South Dakota. Wenzangu wa kazini wamenifundisha kuwinda fezanti, na mmoja wao akanipa kijibwa cha Labrador. Nyumbani nikimwita anakuja mbio. Porini nikimwita ananitazama kama mtu aliyekopa pesa zangu, halafu anazama kwenye mahindi. Msimu unafunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Nimeona kola ya umeme ambayo rimoti yake inafika maili moja. Ninunue? Baba yangu kule Ituri alifunga mbwa wake kengele za mbao shingoni, na sikuwahi kumwona akichaji kengele. – Mwana wa Ituri*

Mwanangu, baba yako nampa heshima zake. Wale mbwa wa msituni kwenu, ambao Wazungu wamewaita Basenji, hawabweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wanavishwa kengele: mwindaji ajue mbwa yuko wapi, na mnyama akurupuke kuelekea kwenye nyavu. Kola unayoitaka wewe haina kazi hiyo. Hiyo inambebea mbwa ujumbe kutoka kwako, na mbwa wako bado hajajua kuusoma. Unasema nyumbani anakuja. Anachokijua yeye ni "njoo jikoni". "Njoo" ya kwenye mahindi, yenye harufu ya ndege kila upande, hajafundishwa na mtu.

Basi kabla ya kutoa hata dola moja ya kola, nunua kamba. Mita kumi hivi, nyepesi, isiyonywa maji. Mfunge, mwache atangulie, mwite mara moja tu, na asipogeuka vuta taratibu mpaka akufikie, kisha mshangilie kama mtoto aliyefaulu darasa la saba. Fanya hivyo uani, halafu uwanjani, halafu penye nyasi ndefu. Usimwite mara nne. Mbwa anayeitwa mara nne anahesabu, na ataanza kuja kwenye ya nne.

Kola ingoje hadi atimize miezi sita au zaidi, na awe anaitika kwenye kamba bila kuvutwa. Hata hapo, mvishe ikiwa imezimwa kwa wiki mbili kwanza. Avae akienda kula, akienda kucheza, akienda kulala uani. Ukimvisha leo na kumbonyeza leo, atajua siku hiyo hiyo kwamba adabu inatoka kwenye kola, na kola ikivuliwa adabu inabaki mezani pamoja nayo.

Sasa maili moja. Fezanti ana mambo ya kanga: ana mabawa lakini anategemea miguu, na harukii hewani mpaka akose njia. Labrador kazi yake ni kumrusha ukiwa karibu umpige, tuseme mita 30. Akimrusha mita 200 mbele yako, umekwenda kutazama ndege. Kwa hiyo ukilipia maili nzima, umelipia uwezo wa kuzungumza na mbwa ambaye ameshakuharibia asubuhi. Na hiyo maili huwa imepimwa mahali pa wazi, tambarare, pasipo kizuizi. Weka mahindi katikati, weka kilima, shika rimoti chini karibu na tumbo lako, uone inavyopungua. Nusu maili inakutosha na chenji inabaki.

Pesa zako zipeleke kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni viwango vya chini. Kola moja ya Garmin ina viwango 10, nyingine ya Dogtra ina 127, na wauzaji watakuonyesha namba ya juu kabisa kana kwamba unakwenda kuzuia nyati. Wewe uliza ya chini. Kati ya kiwango cha kwanza na cha tano kuna hatua ndogo ndogo au kuna mruko? Mbwa mchanga anaishi huko chini, na mruko mmoja mbaya unaweza kumtia hofu ya miezi.

Cha pili ni vitufe. Oktoba ya Dakota ni baridi. Vaa glavu zako za kuwindia, ingia dukani, shika rimoti mkono mmoja, fumba macho, ubonyeze mlio, mtetemo na umeme kwa zamu. Watakucheka, waache wacheke. Ukishindwa dukani, shambani utashindwa zaidi, ukiwa na bunduki mkono wa pili. Na vitufe vyenyewe viwe vigumu kidogo, au viwe na namna ya kufungwa. Nakuambia hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliiweka rimoti mfuko wa nyuma wa suruali, nikapanda gari, nikaketi. Pili, jike letu la Brittany, alikuwa amelala kwenye sanduku lake huko nyuma. Alitoa kilio ambacho mpaka leo kimo masikioni mwangu. Nikajipinda kumtazama, na kwa kujipinda nikabonyeza tena. Kola nyingi hujikata zenyewe baada ya sekunde kama kumi, lakini mimi nilikuwa naianzisha upya kila nilipogeuka. Mume wangu ndiye aliyeniambia, "Simama!" Kwa wiki tatu Pili hakukubali kupanda lile gari, nikawa nambeba kifuani kama gunia la mkaa mbele ya majirani.

Ukishanunua, ivalishe juu kabisa ya shingo, chini ya taya, siyo kule chini inakolegea kama mkufu. Zile ncha mbili za chuma ziguse ngozi. Labrador manyoya yake ya ndani ni mazito, basi itakubidi ufunge zile ncha ndefu. Kola ikicheza, leo mbwa hatasikia kitu, utaongeza kiwango, na kesho ikikaa sawasawa atapigwa shoti ya kweli. Na jioni ivue. Ncha zikikandamiza mahali pamoja mchana na usiku zinatoboa ngozi, na kile kidonda watu hudhani kimeunguzwa na umeme, kumbe ni uvivu wa kufungua kifungo.

Kiwango chake utakipata hivi. Keti naye uani, asiwe na la kufanya. Anza na kiwango cha 1, gusa kitufe, tazama sikio. Hakuna kitu? Panda kimoja. Siku sikio litakaposhtuka, au atakapogeuza kichwa kama aliyetuliwa na nzi, umefika, simama hapo hapo. Akilia umepita. Kisha rudi kwenye kamba: mwite, bonyeza kidogo huku ukivuta, na mara tu anapokugeukia achilia kitufe. Anatakiwa ajue kwamba ni yeye anayeuzima ule umeme, kwa miguu yake mwenyewe. Akishalijua hilo, kamba utaiona inaburutwa bila kazi.

Kitu kimoja nakukataza kabisa. Usibonyeze akiwa puani pa ndege. Yeye hatafikiria wewe wala "njoo" yako. Ataona kwamba fezanti anauma. Nimeshaona mbwa wa ukoo mzuri akifika penye ndege anageuza uso na kuzunguka upande wa pili kama mtu aliyemwona mkwewe sokoni. Kumrudisha huyo ni kazi ya mwaka, na wengine hawarudi.

Oktoba hii mwache ajifunze. Majogoo watatu kwa siku ndiyo kikomo chenu huko, na mitetea hawapigwi. Wenzako wakijaza kikomo chao, wewe rudi na mbwa aliyekuja ulipomwita.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mpwa wako wa Louisville, Kentucky. Nina Treeing Walker, mbwa wa kuwinda rakuni usiku. Anamfukuza, anampandisha mtini, anabweka chini ya mti hadi nifike. Juzi sikufika, nilimtafuta hadi saa mbili asubuhi. Mke wangu anasema ninunue kale kadude ka kumfuatilia paka, ni bei rahisi.*

Marahaba. Yote niliyomwambia kaka yako wa Dakota kuhusu maili, wewe yageuze. Mbwa wako anatakiwa aende mbali, na kubonyezwa si shida yake kubwa. Shida ni wewe kujua mti upi. Unahitaji kola ya GPS. Kale kadude ka paka kanatumia laini ya simu, na kwenye mabonde yenu usiku mtandao nao umelala. Kola za kuwindia, mfano Garmin Alpha, zinaongea na rimoti kwa redio moja kwa moja, hazimwombi mtu mnara. Zinakuonyesha mbwa kwenye ramani, na zinakuambia kama anakimbia au amesimama mtini. Bei inapita dola 600, najua. Mwambie mkwe wangu mbwa mwenyewe umemnunua kwa pesa ngapi, halafu unyamaze.

*Mpendwa Shangazi, tunaishi Cardiff. Mume wangu ameagiza kola ya umeme kutoka Marekani kwa ajili ya Springer wetu. Nifanye nini ikifika? – Mama Abdul*

Irudishe kabla hajaifungua. Wales ilipiga marufuku kutumia kola za umeme kwa mbwa na paka tangu 2010, na hilo nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu wanaume wa kuagiza vitu usiku hawasomi sheria mchana. Ujerumani nako mahakama iliufunga mlango huo 2006.

Wala hamjapungukiwa. Watu wa visiwa vya Uingereza wanafundisha mbwa wa ndege kwa filimbi tangu zamani, na wanafundisha vizuri: mlio mmoja mrefu, keti, milio mifupi mifupi, njoo. Filimbi za Acme za Birmingham zina namba, na kwa Springer wengi huchukua 210.5, kwa Labrador 211.5. Faida ya namba ni kwamba ikidondoka matopeni unanunua nyingine yenye sauti ile ile, na mbwa hajui kuwa umepoteza. Kamba nitakayomshauri mumeo ni ile ile ya Sioux Falls.

*Shangazi, niko Kajiado. Nataka kola ya mbwa wangu awe anashika swala vizuri, hata mara moja kwa wiki. Ipi nzuri? – Mpenda Nyama*

Mwanangu, Kenya imekataza uwindaji tangu 1977. Aliyetakiwa kuvishwa kola ni wewe. Nenda buchani.

*Shangazi, nakuandikia kutoka Fargo, mikono inatetemeka. Mume wangu amenunua kola ya mbwa. Amesoma mahali kwamba muungwana hamfanyii mnyama asilolijua, basi amejifunga mkononi, amenipa rimoti, anasema nibonyeze. Nimekataa siku mbili. Tuna deni la kodi ya nyumba ambalo sitaki kulizungumza hapa. – Mwenye Rimoti*

Binti yangu, kwa hili mumeo ana haki. Asiyeijua kola kwa ngozi yake hastahili kumfunga mbwa. Mimi mwenyewe nimejaribu, kwenye mkono, na kiwango ambacho sikio la Pili lilishtukia mimi nilikihisi kama mchwa anatembea.

Lakini kuna adabu zake. Asifunge kifuani wala shingoni, na kama ana betri ya moyo asijaribu kabisa. Akae kwenye kiti, asiwe na kikombe cha chai mkononi. Anza na 1. Muulize. Panda kimoja. Muulize tena. Atakapofinya jicho, mwandikie namba hiyo kwenye karatasi ili aikumbuke siku mbwa atakapomuudhi. Habari ya kodi usiianzishe hapo katikati, hata kama imekujia mdomoni, kwa sababu kidole kinafuata ulimi na rimoti nyingi zinapanda hadi 100.

Mkimaliza, mvue kola, mwekee chai yake. Rimoti baki nayo wewe usiku huu. Iweke kwenye chaji. Saa mbili hivi zinaijaza.