Waraka wa Maombi 114 kwa Watengeneza Vinanda

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa kwaya, wapiga vinanda, mafundi spika, ma-DJ, na wewe kijana uliyefuata soda: itifaki imezingatiwa.

Mbele yenu amesimama mtaalamu. Sijisifu, aliyepangwa kunitambulisha amekwama kwenye foleni, na mimi ndiye ninayejifahamu vizuri zaidi humu ukumbini. Uprofesa wa Mashine za Muziki nilijitunuku mwenyewe baada ya kuona vyuo vinasuasua. Leo nawasomea Waraka wangu kwa viwanda vya dunia: maombi 114, nimeyapiga chapa kwa fedha zangu, karatasi pande zote mbili.

Tuanze na aibu ya mwaka 1980. Mmarekani Roger Linn alitoa LM-1, mashine iliyobeba ngoma za kweli, zilizorekodiwa zikahifadhiwa ndani ya chipu. Makofi yamo. Hata kengele ya ng'ombe imo. Matoazi makubwa hamna! Watetezi wake watawaambia kwamba toazi likigongwa huvuma muda mrefu, mvumo mrefu hula kumbukumbu nyingi, na chipu za kumbukumbu enzi hizo ziliuzwa kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Hoja dhaifu. Angeuza shamba. Prince akaichukua hivyo hivyo pungufu, akapigia nyimbo zilizozunguka dunia nzima, wala hakuna aliyeandamana kudai matoazi. Mimi niliandamana. Peke yangu, lakini niliandamana. Ombi la 1.

Mwaka huohuo Wajapani wa Roland wakaleta TR-808. Hawa hawakurekodi ngoma yoyote. Waliacha umeme wenyewe utengeneze sauti, na mwanzilishi wa kampuni, Ikutaro Kakehashi, alisimulia kwamba walinunua kwa makusudi transista zenye kasoro kwa sababu ya mchakacho wake. Mabibi na mabwana, nchi nzima ya Japani, wakaenda kununua vibovu! Viwanda vya transista vilipojirekebisha, malighafi ikaadimika, na mwaka 1983 mashine ikasimamishwa. Ngoma yake kubwa hailii kama ngoma. Inalia kama godoro lililoangushwa ghorofa ya juu. Kwamba vijana wa hip-hop wamelipenda godoro hilo hadi leo, hilo ni suala la malezi.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo damu yangu huchemka. Mwaka 1987 kampuni ya E-mu iliuza SP-1200, mashine ya kunasa vipande vya sauti, na jumla ya nafasi yake ilikuwa sekunde 10. Sekunde 10! Mimi kusalimia tu natumia dakika nne. Vijana wa New York walifanyaje? Walichukua sahani ya santuri ya mizunguko 33 wakaichezesha kwa 45. Mwimbaji anakimbia, anapiga kelele kama panya aliyebanwa na mlango, lakini kipande cha sekunde 4 kimeshaingia ndani ya sekunde 3. Kisha wanaiambia mashine ikirudishe kwenye mwendo wake wa kawaida. Kinarudi, lakini kimechakaa, kina mchanga, kama kimelala nje usiku kucha. Na wao wakaupenda mchanga! Wakautafuta hata walipopata mashine zenye nafasi tele. Ndiyo maana ombi la 22 linadai saa sita za kurekodi, pamoja na kitufe cha kuongeza mchanga kwa hao walioharibika.

Kuhusu MIDI, lugha ambayo vinanda huzungumza tangu 1983, mimi nina ugomvi wa kiutumishi. Fungueni plagi yake mtazame: pini tano. Zinazofanya kazi ni tatu. Mbili zimesimama tu pale. Hao ni wafanyakazi hewa! Halafu ndani ya kila baiti ya biti 8, biti moja imewekwa mlangoni kama askari, kazi yake kutangaza kama anayeingia ni amri au ni takwimu. Zinabaki 7, ndiyo maana nguvu ya kidole changu inapimwa kwa ngazi 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Kidole hiki! Wakubwa wanasema soketi ile ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa rahisi, na kwamba lugha yenyewe iligawiwa bila mrabaha ili kinanda cha kiwanda hiki kielewane na cha kiwanda kile. Ubahili mtupu. Mwaka 2020 ikatangazwa MIDI 2.0, yenye ngazi nyingi kupindukia. Sikutajwa popote.

Kuna mzee mmoja wa taarab alinijia na ombi lake. Alitaka kitufe kimoja cha kushusha noti kwa robo toni, ili kinanda kifuate fidla inapoingia kwenye maqam za Kiarabu. Kitufe kimoja, mzee mzima! Nilimhurumia. Baadaye nikasikia vinanda vinavyouzwa Uarabuni vinavyo vitufe hivyo muda mrefu tu. Tuendelee na mambo makubwa.

Wapo wanaonong'ona kuhusu harusi ile. Nitaisema mwenyewe. Nilikwenda na kinanda changu kikubwa, chenye karibu kila kitu kilichomo kwenye Waraka huu. Bibi harusi amefika mlangoni, shela limeshikwa na watoto wawili, MC ananipungia mkono. Mtindo nilioutaka upo. Upo ndani ya ukurasa, uliomo ndani ya folda, iliyomo ndani ya menyu ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja. Nikabonyeza. Bibi harusi akaingia kwa polka. Aliingia mbio, maskini, na wale watoto wakining'inia kwenye shela. Kosa ni la kiwanda: kwenye ombi la 97 nilikuwa nimeshaomba kitufe cha kuomba radhi.

Tangu siku hiyo familia ile humwita mpwa wangu, yule pale aliyekaa karibu na dirisha, mwenye kinanda cha kupakata chenye sauti tatu zinazofanya kazi. Simsemi. Ni damu yangu.

Basi, maneno yametosha, sasa niwaonyeshe kwa vitendo. Nakiwasha. Taa hiyo. Kinapakia mitindo... mia tatu na kitu... kinaniuliza lugha. Kiswahili hakimo, ombi la 60. Kinapakia tena. Mgeni rasmi, tafadhali usiondoke, ni dakika tano tu.

Mjomba, hebu wapigie hawa chochote wakati tunasubiri. Weka na matoazi.

Hayamo? Haya, piga hivyo hivyo.