Sifa za Velo Kuukuu

Wanazuoni wa kale waliifanya sifa ya kejeli, yaani utungo unaokitukuza kwa uzito wote kitu ambacho watu wa heshima hukipita bila kukitazama, kuwa utanzu kamili wa balagha: Lucian wa Samosata alimsifu nzi katika karne ya pili, na Erasmus wa Rotterdam akachapisha mwaka 1511 kitabu ambamo Upumbavu wenyewe unapanda jukwaani na kujimwagia sifa. Ni bahati mbaya kwamba hakuna kati yao aliyefika mji wa Kisangani, nchini Kongo, kwa maana wangekuta huko kitu duni kinachomzidi nzi kwa ukaidi, nacho ni baiskeli iliyokwisha kutumika, ambayo wakazi huiita velo, na ambayo imepita mikononi mwa watu wengi kiasi kwamba mwenyewe wa kwanza hakumbukwi na rangi yake ya asili hubishaniwa.

Kanuni ya sifa hutaka kuanza na nasaba, na nasaba ya velo si ya kubezwa. Fremu yake nzito ya chuma, magurudumu yake makubwa ya inchi 28 na breki zake za fimbo, yaani breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, ni urithi wa baiskeli za Uingereza za zama za ukoloni, ambao viwanda vya India na China, kama vile Hero cha Ludhiana na Phoenix cha Shanghai, viliuendeleza bila haja ya kuurekebisha sana. Katika nasaba hiyo kuna pia babu mmoja asiyetajwa kwenye sherehe, naye ni mpira. John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi la kujazwa hewa mwaka 1888, huko Belfast, dunia ilishikwa na kiu ya mpira, na katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II kuanzia 1885 hadi 1908, wanavijiji wa misitu walilazimishwa kwa kiboko na bunduki kuukusanya. Tairi kipara linaloonekana leo Kisangani, lililoshonwa ubavuni kwa uzi wa nailoni, laweza basi kuhesabiwa kuwa ni mpira uliorudi kwao, ijapokuwa umetoka shamba la nchi nyingine, umechelewa zaidi ya miaka mia moja na haukuja na fidia.

Baada ya nasaba huja matendo makuu. Katika miaka ya 1990, magari yalipokufa na petroli kuadimika, velo ilifungwa mto laini juu ya karia, yaani kile kibebeo cha chuma kilicho nyuma ya kiti, ikapewa jina la toleka, neno la Kilingala lenye maana ya «twende zetu», na ikawa teksi ya mji. Utawala ulibadilika mwezi Machi 1997 na tena Agosti 1998. Majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigania mji usio wa yeyote kati yao mwezi Agosti 1999, kisha Mei na Juni 2000, mara ya mwisho kwa siku sita mfululizo. Na katika miaka hiyo yote toleka haikumtaka mwendeshaji wake petroli, bali sahani ya pondu, yaani mboga ya majani ya muhogo, na mguu usiolalamika. Amani iliyofuata ndiyo iliyoiangusha, kwa kuwa ilileta pikipiki nyingi, nazo pikipiki zikawachukua abiria. Mnunuzi wa leo hana sababu ya kulia juu ya msiba huo, maana chombo kilichofukuzwa kazi hupatikana kwa bei nafuu.

Kwa safari fupi za mjini, kutoka komuni ya Makiso hadi zile za Kabondo, Tshopo au Mangobo, ambako ardhi ni tambarare na vilima ni vichache, gia hazihitajiki, na aliyezilipia amelipia kitu kingine cha kuharibika. Hata Lubunga, iliyo ng'ambo ya pili ya mto Kongo usio na daraja hapo, haiishindi velo, kwani mtu mmoja huiinua na kuilaza katika mtumbwi, ilhali pikipiki huhitaji mabega kadhaa na dua.

Lakini ipi ichaguliwe? Msingi wa uchaguzi ni huu, kwamba velo bora ni ile isiyoficha maovu yake, na kwa hiyo rangi mpya ndiyo ushahidi wa kwanza wa hatia. Mnunuzi na ainame atazame chini ya bomba la usukani, mahali mabomba mawili ya fremu yanapokutana, na akiona rangi imejikunja au kupasuka, basi velo hiyo imewahi kugonga kitu kilichokataa kusogea. Vivyo hivyo uma wa mbele, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu, ukiwa umerudi nyuma. Dhambi hizi mbili hazisameheki, kwa sababu huishia kwa mchomeleaji, na fremu iliyochomelewa hupenda kukatika tena jirani ya pale pale ilipochomelewa. Nyingine zote ni fadhila.

Gurudumu na linyanyuliwe na kuzungushwa huku jicho likiwa kwenye nafasi kati ya rimu na mpira wa breki; likiyumba, spoki zimelegea, na fundi huzikaza upesi. Rimu za chuma zikilowa hushikwa vibaya na breki, na Kisangani, iliyo karibu na ikweta, haina mwezi unaokosa mvua kabisa, hivyo mwendeshaji hujifunza kuona mbali, na kandambili zake husaidia palipobaki. Mikono ya pedali na itikiswe: ikigonga, kabari, yaani pini ndogo inayoufunga kila mkono kwenye ekseli, imelika, na mlio wake humhesabia mwenyewe mizunguko bila malipo. Mnyororo na uvutwe mbele, kutoka kwenye gurudumu la meno. Ukiachana na meno hadi nusu ya jino ionekane, umerefuka, na meno yenyewe huenda yamechongoka. Hapo ndipo mgeni hukosea, kwa kununua mnyororo mpya peke yake, ambao juu ya meno ya zamani huruka na kuteleza, ilhali vitu hivyo viwili vimezeeka pamoja na hubadilishwa pamoja au havibadilishwi. Mji, kwa hekima na ufukara, huchagua la pili.

Ubaya wa sura ni kufuli isiyonunuliwa, maana mwizi ana heshima yake. Hata hivyo, namba iliyogongwa chini ya fremu, karibu na ekseli ya pedali, ikiwa imefutwa kwa tupa, velo hiyo imeishi maisha ya kusisimua mno, na inafaa iachwe. Na yoyote itakayochukuliwa ilipiwe mbele ya shahidi. Polisi wa barabarani huenda wasiwe na haja nayo sana, kwa kuwa macho yao yako kwa wenye pikipiki, ambao nao wanasubiri kando ya meza za kadhafi, yaani wauza petroli ya chupa.

Linabaki suala la bei, na hapo yabidi kukiri kwamba utanzu huu wa sifa za kejeli haukumhitaji Lucian ili ufike Kisangani. Mnunuzi hutaja kila kasoro kwa sauti ili bei ishuke, na muuzaji huipokea kila kasoro na kuirudisha ikiwa fadhila: kelele zake zimeondoa haja ya kengele, uzito wake hauhofii mashimo, kutokuwa na breki ya nyuma kumelitunza tairi. Yote hayo na yasikilizwe kwa adabu, kwa kuwa mengi ni ya kweli; ila akiongeza kwamba mnyororo ni mpya, mnunuzi na ainame tena ayatazame meno.