Heko kwa Usemi wa Taarifa

Washairi wetu wamesifu minazi, majahazi na macho ya warembo. Usemi wa taarifa wa Kiingereza haujapata hata ubeti mmoja, na hiyo ni dhuluma ninayokusudia kuiondoa leo (au siku hiyo, iwapo utaninukuu kesho).

Huyu ni mtumishi mkongwe. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ulianza 1985, ukafanywa mara ya mwisho 2023, na katika muda huo wote watoto wa Nairobi darasani walipokonywa alama za mtajo na kuamriwa waandike upya maneno ya mtu wasiyemjua, kwa namna ambayo mwenyewe hangeyatamka kamwe. KCPE imekwenda zake. Usemi wa taarifa umebaki. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa sekondari, anaukuta kwenye Kiingereza, na akidhani ameupita salama, anakutana na ndugu yake katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili.

Hebu tazama ukarimu wake. Mwanafunzi ameketi darasani Kangemi. Mwalimu anaandika ubaoni maneno ya Otieno: "I will wait for you here tomorrow." Mtoto hajainuka kitini, lakini akimaliza kuyageuza, "here" imekuwa "there", "tomorrow" imekuwa "the next day", "will" imezeeka ikawa "would", na mimi amekuwa yeye. Hata kama Otieno alisema hayo papo hapo, chini ya ubao huo huo, hapa sharti pawe pale. Mzazi ambaye hajaweza kumpeleka mwanawe Mombasa na ajifariji: shule imemsafirisha bure.

Na usafi wake je? Panda matatu namba 46 ya Kawangware asubuhi, umpe makanga noti ya elfu kwa nauli ya hamsini. Atakayokwambia yatawahusu wewe, ukoo wako na shule uliyosomea. Peleka maneno hayo kwenye usemi wa taarifa nayo yatatoka yameoga: makanga alieleza kutoridhika kwake na ukubwa wa noti ile. Wanafunzi hufundishwa kwamba "Lo!" huwa "alishangaa" na "Tafadhali" huwa "aliomba kwa upole", wakadhani ni mchezo wa mtihani tu. Kumbe ndiyo ajira. Wale wanaoandika taarifa kwa vyombo vya habari katika maghorofa ya katikati ya jiji hawafanyi kingine kuanzia saa mbili asubuhi: mkubwa anafoka, wao wanaandika kwamba alisisitiza.

Lakini sifa yake kuu ni kuwafunika wanyonge, yaani wale wenye kazi ya kutuletea habari mbaya. Makanga hasemi, "Nimeamua mshuke." Foleni ikikaza Hurlingham na abiria wa kurudi mjini wakimeta upande wa pili wa barabara, yeye husema: "Dereva amesema gari linaishia hapa." Dereva anatazama mbele kama mtu asiyejua Kiswahili. Keateka wa ploti hapandishi kodi, landilodi amesema. Landilodi huyo hajaonekana tangu choo kilipoziba, lakini anasema mfululizo, kila mwisho wa mwezi. Katika ofisi za umma, mlinzi mlangoni anakwambia mkubwa amesema urudi kesho. Ukimuuliza mkubwa yuko wapi, jibu liko tayari: amesema yuko mkutanoni. Hakuna wa kugombana naye. Aliye mbele yako hakusema, na aliyesema hayuko mbele yako. Nchi ingeendeshwaje bila sarufi hii?

Mahali pasipoithamini ni mahakamani. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aseme aliona, aliyesikia aseme alisikia kwa masikio yake. Sheria ina vighairi vyake, lakini shahidi aliyelelewa na shule zetu hupanda kizimbani Milimani, anakohoa, anaanza vizuri kabisa, "Jirani aliniambia kwamba...", na wakili amekwisha kusimama. Maskini! Miaka mingi alipewa alama kwa sentensi hiyo, leo inakataliwa mbele ya watu. Na kwa kuwa mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili, anaweza kukatizwa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili alizozisomea.

Limebaki moja, na hapa kejeli inanishinda. Naanza kusifu kwa moyo. Mwanasiasa amesimama juu ya gari Kawangware, kipaza sauti mkononi: "Nitajenga barabara! Nitaleta maji!" Bibi aliyepita na kikapu akiulizwa habari atajibu, "Alisema atajenga." Kiswahili cha nyumbani hakina haja ya kuurudisha wakati nyuma; ahadi inabaki mbichi kama ilivyotoka mdomoni. Vitabu vyetu vya shule, kwa kuiga "would" ya Kiingereza, huagiza "-ta-" iwe "-nge-": alisema kwamba angejenga. Sikio la Mswahili likisikia "angejenga" hubaki likingoja. Angejenga, lakini? Angejenga kama nini? Sentensi imekwisha kubeba kushindwa kwake kabla katapila halijatoka gerejini. Mchambuzi gani wa siasa amewahi kubashiri kwa usahihi huo kwa silabi moja?

Kanuni ya Kiingereza inaacha mlango mmoja wazi: ukweli wa kudumu hauhitaji kurudishwa nyuma. Mwalimu alisema kwamba dunia huzunguka jua, na dunia inaruhusiwa kuendelea kuzunguka. Kwa hiyo mtoto wa Kawangware, kwa ajili ya alama moja, analazimika kuamua kama barabara ya mheshimiwa iko kundi moja na mzunguko wa dunia. Wapo wanaoandika "atajenga" bila kusita, kwa imani tupu. Mwalimu hana ugomvi nao. Anakata kwa wino mwekundu, anaandika "angejenga" pembeni, kisha anafungua daftari la pili.