Babu Alikuwa Keya: Mwongozo kwa Wajukuu wa Ugogo

Kila ukoo wa Ugogo una babu aliyekwenda Burma. Kama wako hauna, subiri msiba. Usiku wa pili wa matanga atapatikana. Wetu aliendesha kifaru huko na kuua Wajapani, idadi yao ikipanda kila alipoongezewa pombe ya mtama. Nimemfuata kwenye makaratasi kwa miaka kadhaa, nanyi nawaonyesha njia niliyopita ili mpotee kwa utaratibu.

Kanuni ya kwanza: usiseme unatafuta historia. Ukisema historia utaachwa peke yako juani. Sema umesikia Waingereza wanalipa. Jioni hiyohiyo kundi la WhatsApp la "Mafao ya Babu" litajaa, wakiwamo binamu wawili usiowajua na mmoja aliyemwita marehemu mchawi mpaka siku ya kuzikwa. Usiharakishe kuwaambia kwamba keya wengi, yaani askari wa jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles), hawakuwa na pensheni yoyote. Walipoachishwa jeshi walipewa kiinua mgongo cha mkupuo, pungufu kabisa kuliko cha mzungu wa cheo hichohicho, basi. Pensheni huacha faili; kiinua mgongo huacha ng'ombe, na ng'ombe wale tulikwisha kuwala.

Sasa nenda kwa shangazi, na uende na sukari.

"Shikamoo, shangazi. Eti babu alizaliwa mwaka gani?"

"Marahaba. Alizaliwa Mtunya. Njaa inakwisha, yeye bado ananyonya."

Ukicheka, umechana cheti cha kuzaliwa. Mtunya ni ile njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya Mjerumani na kisha Mwingereza kupita Ugogo wakikomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mtoto wa Mtunya alikuwa na miaka kama 20 vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, na Tanganyika ilitoa takribani watu 87,000 kwenye vita hivyo. Hesabu inakubali.

Ila shangazi akisema mwanajeshi hasa alikuwa baba yake babu, wa vita vya Mjerumani, weka kalamu chini unywe chai. Waingereza waliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na waliochukuliwa huku wengi walikuwa wapagazi. Wapagazi walihesabiwa kama magunia. Wamebaki na jina la soko la Kariakoo na kutajwa kwa jumla kwenye Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale Dar es Salaam. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliokufa bila majina yao kuandikwa popote ni zaidi ya laki moja, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa hiyo kama huna jina la babu mkuu, jua kwamba hata waliomchukua hawana.

Ukipata jina, liharibu. Namaanisha hivyo. Karani aliyezoea Kiswahili cha pwani alisikia jina la Kigogo linaloanza na Chi akaandika Ki, akaweka la baba mahali pa la mtoto, na kama alikuwa na haraka akaandika jina la mtu wa nyuma kwenye foleni. Babu yetu ana tahajia nne na anaitika zote. Anwani nayo itakuwa ya mtemi na jumbe. Utemi ulifutwa mwaka 1963, na Operesheni Dodoma ya 1971 ikahamisha watu kutoka kwenye matembe yao kwenda vijiji vya ujamaa. Nilifuata anwani ya babu kwa bodaboda, nikafika kwenye mbuyu.

Kisha fungua sanduku la bati, mbele ya mashahidi. Letu lilikuwa na stakabadhi za kodi ya kichwa, kadi ya TANU, ganda la mchwa lililokuwa karatasi, na nyota ya shaba iliyofungwa kwenye kipande cha khanga. Cheti cha kuachishwa jeshi hakikuwamo. Inasemekana rafiki yake mmoja alisokotea tumbaku. Tukaigeuza nyota kutafuta jina. Medali ya fedha ya vita vya kwanza huwa na namba na jina la askari ukingoni, lakini nyota za vita vya pili Uingereza iliwapa askari wake bila kuandika jina la mtu. Kwa hiyo ilikuwa ya babu, au ya mtu aliyekuwa akidaiwa na babu.

Ofisini nitapita haraka, ingawa wewe hutapita haraka. Beba barua ya mtendaji, cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za hata wasiozungumza. Dirisha moja waliniambia nirudi na mhusika mwenyewe. Nyaraka za Taifa zina mafaili ya wilaya. Kew kule London, kwenye nyaraka za Waingereza, kuna shajara za vita za vikosi, zitakazokuambia kikosi kilikuwa wapi siku fulani na mvua ilinyesha vipi, bila kumtaja babu.

Shajara hizo ndizo zilizonitia shaka. Keya walikuwa askari wa miguu. Kifaru kilitoka wapi?

Kilitoka Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kung'oa vichaka pale ili walime karanga, wakaacha mwaka 1951 baada ya kuzika pauni milioni 36 hivi. Mradi ulichukua maofisa wa zamani wa jeshi, na matrekta yalipokosekana, vifaru aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta na kuitwa Shervick. Havikuwa na usukani. Kundini sijaandika habari hiyo. Binamu mmoja ameshakopa kwa kutegemea Burma.

Jaribio la mwisho linataka mhusika awe hai. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wake wa zamani, wazee wengi walifika Mwanza bila vyeti. Karani akampa kila mmoja ufagio na kutoa amri za kijeshi kwa Kijerumani; aliyezijua alilipwa. Sisi tulimfanyia babu nikiwa darasa la nne. Baba mdogo alimkabidhi ufagio na kupaza sauti ya amri.

Babu aliutazama, akauegemeza ukutani. Akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mikono yote miwili mbele, akakunja ngumi. Akavuta wa kushoto, mwili ukageuka kushoto. Akavuta wa kulia. Midomo ikaanza kunguruma, na kuku wakatawanyika.