Barua ya Wazi kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Kuwaombea Matapeli Cheo

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Tume, Dodoma.

Baada ya salamu na taadhima iwapasayo watu wa daraja yenu, nawaandikia kutoka Tinde, hapa njiapanda ambapo barabara itokayo Nzega hugawanyika, moja ikashika njia ya Shinyanga na Mwanza, nyingine ikaelekea Kahama na machimbo ya dhahabu, ili nilete ombi ambalo nadhani hamjapata kulipokea: kwamba matapeli wa simu watunukiwe cheo cha wapiga mbiu rasmi wa Serikali katika jambo la kuvuja kwa taarifa za raia.

Msighadhibike kabla ya kunisikiliza. Sheria yenu, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamwamuru mwenye kukusanya taarifa za watu, pindi usalama wa taarifa hizo uingiapo dosari, aiarifu Tume bila kukawia. Amri njema mno, nasi twafurahi kwamba nyinyi mtaarifiwa. Lakini mwenye jina lenyewe, mwenye vidole na mwenye kitambulisho, huyo hapa kwetu aghalabu hupata habari kwa mtu mmoja tu, naye ni tapeli. Huanza kwa ujumbe usemao ile hela itume kwenye namba hii. Akiona umenyamaza hupiga simu, akakuita kwa majina yako matatu kama karani aitaye wagonjwa, akakuuliza hali ya biashara yako, nawe papo hapo ukafahamu kwamba amana yako imekwisha kutembea. Ni ofisi gani iliyopata kutuarifu kwa wepesi huo, bila foleni, bila kuambiwa mtandao unasumbua, na bila nauli?

Mtauliza taarifa zetu hutokea wapi. Swali hilo ni la watu wasiopata kulala Tinde. Mgeni ashukaye kwenye basi usiku huandika katika daftari la nyumba ya wageni jina lake, kabila lake, atokako, aendako na namba ya simu, kisha daftari likalala wazi mezani, na mgeni wa pili akajisomea habari za wa kwanza huku akingoja ufunguo. Wakala wa pesa naye ana daftari lake. Mchimbaji aendaye Kakola au Geita huacha nakala ya kitambulisho kila apitapo, na zile zilizotoka na wino hafifu huishia kufungia karanga, hata mlaji akapata karanga zake na namba ya NIDA ya jirani kuwa nyongeza. Tena tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwezi Mei 2019, twaambiwa kila laini ina mwenyewe, basi na ile ya tapeli ina kidole cha mtu, na huenda ni changu, cha siku ile wakala aliponiambia, "Mzee, hakijasoma, rudia."

Fauka ya hayo, wamo wakopeshaji wa mtandaoni, ambao Benki Kuu mwezi Novemba 2024 ilitangaza majukwaa na programu 69 za namna yao kuwa hazina leseni. Miongoni mwao wapo waliozoea kukomba majina yote yaliyomo simuni, na ukichelewa kulipa, mkweo akapata habari ya deni kabla ya mkeo.

Haki tunazo, sikatai. Hata kwa jirani zetu wa Kenya, Septemba 2023, kilabu kimoja cha Nairobi kilitozwa shilingi zao 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake. Nasi sheria yetu yaruhusu kampuni itoayo taarifa za watu kinyume cha sheria itozwe hata shilingi bilioni 5. Neno hilo bado halijafika mnadani.

Kwa hiyo naomba tapeli, akiisha kupewa cheo, alazimishwe kumaliza kila simu kwa maneno haya: "Mzee wangu, badili namba yako ya siri leo, wala usimtajie mtu, hata mimi. Piga *106# utazame laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoijua uikane kwa mtoa huduma. Ujumbe wangu upeleke kwa namba 15040. Kisha mwandikie aliyekusanya taarifa zako, umtake akuonyeshe alichonacho, asahihishe kilichoharibika, afute kisichostahili. Na kama umepata hasara, dai fidia. Akikupuuza, peleka malalamiko kwenye Tume, ambayo imepewa siku 90 za kuyachunguza, nazo zaweza kuongezwa. Asante kwa kuwa mteja wetu."

Naye atayasema vizuri, maana hawa hawakosi muda wala salio.

Ikiwa ombi hili litawaudhi, basi kazi hiyo ichukueni wenyewe: mwenye kuvujisha aamriwe kumwarifu mwenye taarifa siku ile ile, kwa Kiswahili kisichohitaji wakili, na kwa Kisukuma siku ya mnada. Jibu lenu naliomba kwa karatasi, kwa njia ya posta, kwa kuwa ujumbe wa simu utakaodai kutoka kwenu nitaufuta kabla sijaumaliza.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Tinde