Tulilipa Kutazama Chai

Tangu mtaala wa umilisi uingie shuleni, mimi nimeunda sanamu ya kutishia ndege, nimeshona mwanasesere kwa soksi zangu mwenyewe, na nimeambiwa usiku, nikiwa tayari kitandani, kwamba kesho asubuhi anahitajika kuku hai. Nikadhani walimu wamemaliza. Mwalimu wa kitinda mimba wetu alikuwa bado ana lake: watoto waonyeshe, kwa picha, safari ya chakula kutoka shambani hadi mezani. Jirani alipiga picha mkebe wa maharagwe, yakaisha. Mama watoto akasema sisi tutakwenda kuona kwa macho.

Akachagua kikombe cha chai ya asubuhi. Jumamosi kiwanda cha majani chai, kisha cha maziwa, vyote huku huku Kiambu. Sukari niliikataa, sina petroli ya kunifikisha Mumias. Mama yangu, ambaye alichuma chai tangu usichana wake, akatangaza kwamba naye yumo, akakaa kiti cha mbele kabla sijapata funguo.

Sina ugomvi na mahali tulipokwenda. Chai ya kwanza nchini ilipandwa Limuru mwaka wa 1903, na ukishapita Banana Hill unaona vilima vimenyolewa vizuri kuliko kichwa changu. Ugomvi wangu unaanzia langoni. Kila mtu niliyemkuta ndani ya kiwanda kile alikuwa analipwa ili awemo. Sisi tulilipa. Halafu bawabu akafunua kikapu chetu, akaona chapati na ndengu, akatikisa kichwa: chakula hakiruhusiwi kuingia kiwanda cha chakula. Kikapu kikabaki kwake. Kiliporudi kilikuwa chepesi, lakini sitaki kumsema mtu.

Tukavishwa makoti meupe na kofia za wavu. Mimi nikaongezewa wavu wa ndevu, ingawa nilikuwa nimenyoa. Mama alikataa katakata kuvua kitambaa chake, basi wavu ukawekwa juu ya kitambaa, na kijana wa kututembeza akajua mapema siku yake itakuwaje.

Kijana alianza vizuri. Akasema chai njema ni majani mawili na kichipukizi. Mama akasema hilo anamwambia nani. Akatuonyesha majani yamelazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zikiyapuliza kutoka chini kwa saa 12 na zaidi ili yanyauke. Nikayaonea wivu, mimi niliamshwa alfajiri. Yakitoka hapo yanaingia mashine ya kuyaponda, kuyararua na kuyaviringa, kisha yanaachwa yapate hewa mpaka kijani kigeuke rangi ya shaba, ndipo yanakaushwa kwa joto la kuni za mkaratusi hadi unyevu ubaki kama asilimia 3. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, akasema, hutoa kilo moja ya chai.

“Na bonasi ni lini?” Mama akauliza.

Kijana akasema yeye ni wa kutembeza wageni tu. Mama akasema hata wale wa enzi zake walikuwa wa kitu fulani tu.

Kwenye chekecheo chai inagawanywa madaraja: BP1, PF1, PD, D1. Kifungua mimba wangu, anayejifunza kutafuta makosa katika kila jambo, akauliza hiyo D ni nini. Ni vumbi. “Baba, kwa hiyo sisi hunywa vumbi?” Kijana akaeleza kwa subira kwamba vumbi la chai si takataka, ni chembe ndogo kabisa, hukolea haraka na lina wanunuzi wake. Zaidi ya asilimia 90 ya chai ya nchi hii huuzwa nje. Inateremka mnadani Mombasa, inavuka bahari kwenda Pakistan, Misri, Uingereza. Mtoto akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeipakia.

Lakini chumba cha kuonja ndicho kilichonimaliza. Meza ndefu, vikombe vyeupe vimepangwa, mvuke unapanda. Nikasogea. Bwana mmoja akachota kwa kijiko, akavuta kwa kishindo ambacho nyumbani kwangu kingemtoa mtoto mezani, akaizungusha mdomoni, kisha akaitema. Akahamia kikombe cha pili, akatema. Nilisimama pale tangu kikombe cha kwanza hadi cha mwisho, koo kavu, nikitazama chai nzuri ikitemwa na mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Watoto walifurahi mno. Tangu siku hiyo wanavuta chai kwa kelele na kuniambia wanapima daraja.

Kiwanda cha maziwa kina tatizo la aina yake: maziwa huyaoni. Unayaona kidogo mapokezini, yanapotiwa laktomita kuona kama mtu ameongeza maji, na spiriti kuona kama yameanza kuchacha. Baada ya hapo yanaingia kwenye bomba, na ziara nzima inakuwa ziara ya mabomba. “Hapa ndani yanapashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15.” Tunatikisa vichwa. “Hapa ndani yanapozwa.” Tunatikisa tena. Mtoto wa katikati akapiga picha kumi na kitu za bomba moja. Mwishoni pakiti zinatoka zikiwa zimefungwa, zinapita mbele yako kwenye mkanda, mamia kwa mamia, na kibao kinasema usiguse. Kuonja? Kuna duka pale nje, bei ni ile ile ya mtaani kwetu.

Tukaishia kwenye kibanda kando ya barabara, mashamba ya chai upande huu, ng'ombe wakilia upande ule. Nikaagiza chai ya watu wote.

“Iko strungi,” mwenye kibanda akasema.

Maziwa je?

“Lori la kiwanda lilipita asubuhi likabeba yote.”

Tukanywa strungi, shilingi 20 kikombe. Mama alikizungusha chake mkononi, akapiga hesabu kwa sauti: hiyo ni karibu bei ya kilo nzima ya majani mabichi kabla ya bonasi, na kilo nzima ni mgongo wa mtu. Akamgeukia mwenye kibanda, akamuuliza kwa upole kama yeye bonasi hutoa mwezi gani. Yule mzee, ambaye kumbe naye ana mashina yake ya chai nyuma ya nyumba, alicheka mpaka akashika nguzo. Akachukua birika, akamwongezea nusu kikombe. Mimi nilipoinua changu, akaniuliza kama nina shilingi kumi.