Jinsi ya Kushinda Daytona 500 kwa Kukata Kushoto Tu

Mwongozo huu ni wako wewe unayesema kila Februari kwamba magari ya NASCAR, mbio za magari za Marekani, yanazunguka tu, kama ngamia wa kinu cha mafuta ya ufuta. Umesema kazi yote ni kukata kushoto, na kukata kushoto hata mtoto anaweza. Basi njoo. Vaa kofia ngumu, ingilia dirishani maana milango ya gari hili haifunguki, kisha ujifunge mikanda. Nitakufundisha kushinda Daytona 500, na kila nitakalokuambia ni la kweli.

Kwanza uujue uwanja. Uko Daytona Beach, Florida, na aliyeujenga ni Bill France, mwanzilishi wa NASCAR, akaufungua mwaka 1959. Mzunguko mmoja ni kilomita 4, nawe utauzunguka mara 200. Kwenye kona, lami imeinuliwa upande wa nje kwa nyuzi 31. Ukijaribu kuipanda kwa miguu utamalizia kwa mikono. Mwinamo huo ndio unaokuruhusu kupita kona bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Kwa hiyo kanyaga mpaka mwisho, kata kushoto, usiachie.

Hapo ndipo ulipodhani mchezo umekwisha. Sasa tazama kioo. Wenzako 39 nao wamekanyaga mpaka mwisho.

Jambo hilo lina historia. Mwaka 1987, katika majaribio ya kupanga nafasi kwenye uwanja wa Talladega kule Alabama, Bill Elliott alizunguka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 342 kwa saa. Siku chache baadaye, mbio zenyewe zilipokuwa zikiendelea, tairi la Bobby Allison lilipasuka, gari likapaa na kuuchana uzio uliowakinga watazamaji. Wakubwa wa mchezo wakaogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Kuanzia 1988 injini za Daytona na Talladega zikapunguziwa pumzi kwa bamba lenye matundu membamba; siku hizi kipo kifaa kingine kinachofanya kazi hiyohiyo. Injini zote zikibanwa pumzi, hakuna anayeweza kumkimbia mwenzake. Matokeo yake ni magari 40 yanayokwenda kwa fungu moja, ubavu kwa ubavu, bampa kwa bampa, kwa kasi ya kama kilomita 300 kwa saa. Nafasi iliyopo kati yako na jirani yako haitoshi kupitisha godoro.

Sasa jifunze kuomba lifti. Mwalimu wako ni Junior Johnson, ambaye mwaka 1960 alifika Daytona na Chevrolet isiyofua dafu mbele ya Pontiac za wenzake. Katika mazoezi aligundua kwamba akijibandika nyuma ya Pontiac, gari lake linakwenda nayo sambamba. Gari la mbele hupasua hewa na kuacha uwazi nyuma yake. Ukijiingiza humo, unavutwa. Naye wa mbele anafaidika, kwa sababu ule mvuto uliokuwa ukimrudisha nyuma umeuziba wewe. Magari mawili yaliyofuatana hukimbia kuliko moja lililo peke yake. Johnson alivutwa hivyo mchana kutwa, na akashinda.

Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Huwezi kushinda mbio hizi peke yako, na hakuna rafiki yako uwanjani. Ukichomoka kwenye mstari kutaka kumpita wa mbele, na wa nyuma yako akakataa kukufuata, upepo utakushika kifuani na kundi zima litakupita. Ulikuwa wa pili. Kabla ya kumaliza mzunguko umekuwa wa 20. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hapa kidole cha pili ni cha mtu anayelitaka kombe lako. Kwa hiyo kwa saa tatu na zaidi utafanya siasa: utamsukuma mtu leo ili akusukume baadaye, utakumbuka nani alikuacha mwaka jana, na utahesabu ni mzunguko upi yule aliye nyuma yako ataacha kukusaidia na kuanza kukuwinda.

Utafanya yote hayo bila kuona vizuri. Kiti kimekukumbatia kichwa na mabega, na huwezi kugeuka. Macho yako ni mwangalizi aliyesimama juu kabisa ya majukwaa, anayekusemesha kwa redio: yupo ndani, yupo ndani, ametoka. Mwamini. Na uuheshimu mstari wa manjano ulio chini kabisa ya njia. Regan Smith alivuka utepe wa kwanza Talladega mwaka 2008, lakini alikuwa amepita chini ya mstari huo. Ushindi akapewa Tony Stewart, yeye akateremshwa hadi nafasi ya 18.

Ajali itakuja. Mmoja akiteleza mbele, walio nyuma hawana pa kwenda. Talladega, Oktoba 2024, magari 28 yaliingia kwenye rundo moja. Ukigongwa, usikubali injini izimike. Mwaka 1976, hapahapa Daytona, Richard Petty na David Pearson waligongana kwenye kona ya mwisho. Gari la Petty lilisimama hatua chache kabla ya utepe na likakataa kuwaka. Pearson alikuwa amekanyaga klachi, injini yake ikabaki hai, akajikokota majanini kwa mwendo wa baiskeli mpaka akashinda. Na mwaka 1997 Dale Earnhardt alipinduka, akatolewa garini, akawa tayari ameingia kwenye ambulensi alipoona magurudumu yake yote yangali mahali pake. Akashuka, akarudi garini, akamaliza mbio.

Subira ya mtu huyo ndiyo somo gumu kuliko yote. Earnhardt alikuwa bingwa mara saba, lakini Daytona 500 ilimkataa miaka na miaka. Mwaka 1990 aliongoza mizunguko 155, na tairi likapasuka katika mzunguko wa mwisho. Alishinda mwaka 1998, katika jaribio lake la 20. Siku moja kabla, mtoto wa kike aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu alimpa sarafu ya senti moja, naye akaigandisha kwa gundi kwenye dashibodi. Alipokuwa akirudi na ushindi, mafundi wa timu nyingine wote walijipanga kando ya njia kumpa mkono, akawapitia taratibu, mkono hadi mkono.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 18 Februari 2001, katika kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, aligonga ukuta akafa. Mbele yake walikuwa wakiongoza Michael Waltrip, dereva wa timu yake, na mwanawe mwenyewe, Dale Earnhardt Jr. Waltrip alikuwa amekimbia mara 462 bila kushinda hata mara moja. Ushindi wake wa kwanza ulikuwa huo. Baada ya msiba huo kifaa cha kushikilia shingo kikawa lazima, na kuta zikawekewa tabaka la kumeza kishindo. Mwaka 2020 Ryan Newman alipigwa vibaya akielekea utepe wa mwisho, na watu walinyamaza wakingoja habari mbaya. Siku mbili baadaye alitoka hospitali kwa miguu yake, amewashika binti zake wawili mikono. Kwa hiyo ukifunga mikanda, ifunge kwa heshima. Kuna mtu aliyelipia.

Ya mwisho. Usikimbilie kuongoza. Mwaka 2021 Michael McDowell alikuwa amekimbia mara 357 bila ushindi. Mzunguko wa mwisho ulipoanza alikuwa wa tatu. Mbele yake Joey Logano na Brad Keselowski, wote wa timu moja, waligombea nafasi wakagongana, na McDowell akapita katikati ya moto. Kati ya mizunguko 200 aliongoza mmoja tu.

Februari ijayo, mbio zitakapoanza alasiri ya Jumapili huko Florida, kwetu Afrika Mashariki itakuwa kama saa nne na nusu usiku. Mvua ikinyesha zitaahirishwa, kwa hiyo weka chai ya akiba. Keti, chagua gari moja lililo katikati ya kundi, ulifuate hilo tu kwa mizunguko kumi, umhesabie dereva wake kila anayemsukuma na kila anayemtupa. Kisha uniambie wanazunguka tu.